Maumivu ya Kwetu Yana Jina

Ghorofa ya pili, juu ya duka la vitabu
Jumapili, 8 Machi

Maumivu yetu yana jina, mdogo wangu. Mwanangu kapasuliwa, wameyaona kwa macho, na sasa yuko hapa mbele yangu anakunywa uji.

Haya, nikusalimu kama mtu mwenye adabu. Mpendwa mdogo wangu, hujambo? Shemeji mgongo umepoa? Na binti yenu, Kasuku wetu, bado anasema mpaka masikio yaombe likizo? Sisi hatujambo, ukiacha magoti yangu.

Unajua mwanangu ni fundi umeme, mwanamke peke yake karakana nzima, na sisemi kwa kujisifu, wanaume wakishindwa humwita yeye. Mwezi uliopita alishuka ngazi kashika tumbo, akakaa sakafuni, asiweze kuinuka. Msimamizi wake akamkimbiza hospitali. Mimi ningempa chupa ya maji ya moto, kama mama alivyotupa sisi.

Ugonjwa wanauita endometriosisi. Nimejifunza kuutamka mbele ya kioo. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya mji wa mimba huota nje yake, mahali si pake. Daktari, mama mmoja mpole, akauliza kama kuna mwingine kwenye familia. Nikajibu kifua mbele, "Sote, daktari. Wanawake wa kwetu ndivyo tulivyo, tunavumilia." Akaniangalia kidogo. "Mama, hiyo si tabia yenu. Ni ugonjwa."

Mwanangu naye hanyamazi. "Kwa hiyo kuna waya mmoja mbovu tunarithishana?" Daktari akacheka, akasema laiti ungekuwa mmoja. Ni vinasaba vingi, kila kimoja kinachangia kidogo, vya upande wa mama na wa baba pia, na mengine bado yanatafutwa. Mwenye mama au dada mgonjwa yuko kwenye hatari zaidi ya kuupata, ila si lazima aupate. Akamsifu kwa maswali yake. Jengo zima sasa linajua.

Mama yetu alizikwa na maumivu yake, hakuna aliyeyaita ugonjwa. Wewe ulihangaika miaka kabla ya kumpata Kasuku. Sasa unaniandikia kwamba kila mwezi anajikunja kitandani, shule haendi, na baba yake anasema anadeka. Mwambie shemeji taratibu, kwa heshima zake zote: hadeki. Na wewe usimwambie mtoto avumilie. Huenda si ugonjwa huu, lakini aonwe na anayejua.

Daktari wetu amekubali kumpima Kasuku Jumatatu tarehe 23. Dada yake, huyu mwanangu, amemwachia kitanda, yeye atalala kwenye kochi.

Msalimie shemeji, mama mkwe wako, na mjomba fundi saa. Mungu awatangulie njiani, amlinde mtoto wetu.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni na ninayekupenda bado. Njooni wote watatu, tunawangoja Jumamosi, tarehe 21.