Kidole Kisichopakwa Hina

Shangazi Bikombo, uliyekwenda kunenepa Tanga kwa mwanao,

Asalaam aleikum. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikumtuma mtu, ijapokuwa skuli niliiacha njiani na walimu mpaka leo wananililia. Ukiona kosa, jua kalamu ndiyo mbovu.

Kwanza niambie: vidole vyako vimeanza kusikia? Maana mie naoa mwezi wa Mfunguo Pili, inshallah, na bibi harusi keshasema lake. Nitafika hapo.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinifukuza kwenye hina? Nyumba imejaa wanawake, bibi harusi kanyoosha miguu juu ya mto, nawe umeinama na kijiti chako cha ukuti, ua linatoka baada ya ua wala mkono hautetereki. Mie nachungulia mlangoni.

"Toka weye. Ukitaka hina, kaolewe."

Wanawake wakanicheka mpaka nikaona haya, na mimi haya sina. Lakini nikifika maskani najisifu: Pemba nzima hakuna mwenye mkono kama wa shangazi yangu. Anayebisha namwambia aende Wawi akaulize mabibi harusi wa huko.

Halafu tukapata kile kisima kirefu nyuma ya nyumba zetu. Maji baridi, hayana chumvi hata kidogo. Tukayanywa, tukapikia, tukamwagilia mchicha, na mchicha tukaula. Haujapita mwaka tukaanza kunukiana vinywa, kama tuliokula kitunguu thomu.

"Hamadi, umekula thomu mbichi?"

"Mie? Hiyo yatoka kwako, Shangazi."

"Mkosa adabu. Chungu changu hakijaona thomu tangu mfungo."

Ukanipa karafuu nitafune. Nami nikakurudishia moja.

Na nywele zangu, zile zilizokuwa zikiwageuza shingo wasichana wa Chake, zikaanza kubaki kwenye kitana. Nikaenda kugombana na kinyozi Makame, nikamwambia mashine yake ina maradhi. Maskini kaapa, kavua kofia, kanionyesha kichwa chake mwenyewe: nacho kimeanza mabaka. Anakunywa kisima kilekile. Unadhani tulifikiri? Tuliendelea kugombana.

Wewe ndiye uliyefikiri. Siku ile napokea sahani ya wali kwako, ukanishika mkono. Kucha zina mistari myeupe, moja imeinuka yataka kung'oka. Mie mwanamume, sina hina, kila kitu kiko wazi. Ukazitazama zako, zimekoza hina, hakionekani kitu. Ukasema polepole, "Kumbe tunapaka juu ya maradhi." Kisha ukanitolea lile ulilolificha: miguu inachoma kama sindano, vidole vina ganzi, kijiti kinakudondoka na hujui kama kimedondoka mpaka uangalie.

Ukaacha hina, ya kuwapaka wenzako na ya kujipaka. Kila ukiitwa unasema una mafua, mpaka rangi ikaisha kwenye kucha. Ndipo ukaenda harusi ya jirani, mikono mitupu. Yaliyotokea humo mama ndiye kanisimulia, na kila akinisimulia analia.

"Bikombo, kwani u edani?" mmoja akakuuliza, maana kwetu mwanamke akija harusini bila hina, watu hudhani kafiwa na mume.

"Eda gani? Mume wangu mulimzika nyinyi zamani."

Ukawanyooshea vidole, kucha zimepasuka. Kisha ukavua mtandio, wewe usiyekubali hata mama akuone kichwa wazi, ukawaonyesha palipobaki ngozi tupu. "Haya, nani mwengine? Musiniache peke yangu."

Mama anasema hata ngoma iliwekwa chini. Ukasimama hivyohivyo, hukujifunika. Halafu mama yake bibi harusi akavua mtandio wake.

Asubuhi yake mukaongozana hospitali kundi zima, munanuka thomu. Daktari akauliza munakunywa maji gani. Yakachukuliwa yakapimwa, yakarudi na jina: seleniamu. Ni madini ya ardhini. Mwili unayataka chembe tu. Yakizidi, ukayanywa na kuyala kila siku, ndiyo hayo ya nywele, kucha, na mishipa ya fahamu. Kisima kikafungwa. Sasa tunateka kule msikitini, mbali, na anayenung'unika hanung'uniki mbele yangu.

Nimebeba mizigo mizito, nimepigana na wakubwa kuliko mimi, unanijua. Lakini kusimama kama ulivyosimama, mie nisingeweza.

Huku leo hakuna anayenuka. Nywele zangu zimerudi, na wasichana nao, ila wamechelewa. Makame tumepatana, kaninyoa bure. Vidole vyako tu ndivyo vilivyobaki nyuma. Daktari alisema mishipa huchelewa kupona, na pengine isirudi yote. Ukaenda Tanga, ati kupumzika. Shangazi, mie si mtoto. Ulikimbia kumwona mwengine akishika kijiti.

Sasa nimefika. Bibi harusi wangu ni Asha, wa Wambaa, na hataki mwengine ampake hina ila wewe. Nikamwambia vidole vya shangazi havijawa vizuri. Akanijibu, "Kijiti kikimdondoka nitakiokota mie. Ua likipinda, lipinde." Nikaona nimejua kuchagua, kama kawaida yangu.

Tena kuna jambo hulijui. Tangu uondoke, wanawake wa hapa wakipaka hina huacha kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ili ukucha wauone kila siku. Hakuna aliyewaamrisha. Wanakiita kidole cha Bikombo. Hata Asha, ambaye kisima kile hajapata kukionja, kasema na yeye anataka chake.

Kwa hiyo njoo. Vile tisa vichore utakavyoweza. Cha kumi usikiguse, hicho kina mwenyewe.

Nakungoja bandarini Wete, nywele nimezichana,

Mwana wa kaka yako, mzuri kuliko wote