Kitufe Chini ya Zulia

Nakuru, 14 Mei 2007

Kwa Mama Mkwe,

Nakusalimu kwa heshima. Naomba barua hii ikukute ukiwa na nguvu, na baridi ya huko Olenguruone iwe haijakuingia kifuani. Mwanao Chepngeno ni mzima, bado anafundisha nasari ya kanisa, na analalamika kila siku kwamba maziwa ya Nakuru ni maji yaliyopakwa rangi.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu huko kwenu haishiki mpaka mtu apande kilimani, na jambo hili ni refu. Dereva wa lori la maziwa amekubali kukuletea.

Ile tovuti niliyokitengenezea kikundi chenu imeanza kutembelewa. Mazulia mnayofuma kwa sufu ya kondoo wenu sasa yanaonekana hadi Ulaya, na watu wanaandika. Mama mmoja wa Denmark aliuliza bei ya lile la kijivu lenye mistari myeupe. Nikamjibu aende benki yake atume pesa kwa benki ya huku. Akanyamaza. Wengine pia wamefanya hivyo hivyo. Mtu hupenda zulia akiwa ameketi kwake na kikombe cha chai. Ukimwambia asubiri benki ifunguliwe, hamu inakwisha.

Dawa ni kuweka kitufe cha kulipia. Chini ya kila picha kutakuwa na alama ndogo iliyoandikwa "Nunua". Mteja anaibonyeza, anaandika namba za kadi yake ya benki, halafu kampuni iliyo katikati inamtoza na kutuwekea sisi. Hii M-Pesa iliyoanza juzi haifiki Denmark, kwa hivyo hatuna budi kupitia kampuni kama hiyo. Ketan, mwenye duka la kompyuta ninakofanya kazi, ameniruhusu nitumie mashine zake tukishafunga.

Ninachoomba ni kikundi kifungue akaunti ya benki kwa jina lake. Sahihi ziwe mbili, yako kama mwenyekiti na ya Mama Wangare kama mweka hazina.

Mkweo,
Wanyoike


Olenguruone, 2 Juni 2007

Wanyoike,

Salamu zako zimefika. Kifua changu hakina neno. Kilichokuwa kikiumwa ni paa la banda la kufumia, nalo tumeshalipiga misumari. Mwambie Chepngeno maziwa ya kweli yanakuja na lori hili hili.

Barua yako niliisoma mbele ya akina mama wote. Wengine walicheka. Mmoja akauliza, "Mtu atalipaje kitu ambacho hajakishika?" Nikasema hata mimi sijui. Wangare ndiye aliyeinua kichwa kutoka kwa uzi wake akasema, "Broka wa Nakuru huyashika mazulia yetu vizuri sana. Anayageuza, anayanusa, halafu anatupa bei ya gunia. Wacha tuwajaribu hawa wasioyashika." Hapo kicheko kikaisha. Wangare unamjua, shamba lake na langu limetenganishwa na ua wa michongoma tangu nilipoolewa. Hakuna mtu huku anayesokota uzi kama yeye, hata mimi simfikii.

Akaunti tutafungua. Lakini andika kwenye hiyo tovuti kwamba asiyeridhika atarudisha zulia na atapata pesa yake. Na uwaambie ukweli kuhusu rangi. Hiyo njano inatoka kwa maganda ya vitunguu, haiwezi kufanana mara mbili. Sitaki mtu aseme nilimdanganya.

Kuna lingine, na nitalisema wazi kwa sababu sijui kunong'ona. Mlipooana, shemeji zangu hawakuja kwa sababu wewe ni Mkikuyu. Mimi nilikuja, lakini sikucheza. Sikuwa nakuchukia. Nilikuwa sikujui. Kazi hii ya kitufe itanionyesha wewe ni mtu wa namna gani, kwa hivyo ifanye vizuri.

Mama Chepngeno


Nakuru, 19 Agosti 2007

Kwa Mama Mkwe,

Natumai mvua imewapa nafasi ya kuanika sufu. Sisi tu wazima, na maziwa tuliyapokea kabla hayajaganda. Nakushukuru pia kwa kuniambia waziwazi lililokuwa moyoni mwako. Nilifurahi kuliko vile unavyodhani.

Sasa nikupe habari isiyo nzuri. Kampuni kubwa ya malipo niliyoitegemea imenikatalia. Nilijaza kila kitu, nikafika mahali pa kuchagua nchi ya muuzaji, nikateremka na orodha yote. Nchi nyingine nyingi zilikuwepo. Kenya haikuwemo. Mtu wa hapa anaruhusiwa kununua kwao, lakini kuuza haruhusiwi. Niliketi pale nikiangalia kioo cha kompyuta kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake.

Ketan alinikuta hivyo akasema, "Boss, mbona unalia na mashine? Dada yangu Darshana yuko Leicester. Weka akaunti yake, pesa ziingie kwake, awe anakutumia." Ketan ni mtu mwaminifu, na dada yake pia. Kwa njia hiyo kitufe kitakuwa tayari wiki hii. Nangoja neno lako.

Mkweo,
Wanyoike


Olenguruone, 26 Agosti 2007

Wanyoike,

Tuko salama, sufu imekauka.

Hapana. Mwambie Ketan ahsante sana, na mwambie nikija Nakuru nitampelekea asali. Lakini kazi ya wanawake wa hapa haitalala kwa jina la mtu ambaye hajawahi kukanyaga matope yetu. Huyo dada akiugua, au akigombana na mume wake, tutaenda kumlilia nani huko Leicester? Tulifungua akaunti kwa jina letu ili tuitwe kwa jina letu.

Kama mlango huo umefungwa, tafuta mwingine. Dunia haiwezi kuwa na kampuni moja.

Mama Chepngeno


Nakuru, 11 Novemba 2007

Kwa Mama Mkwe,

Shikamoo, Mama. Leo nianze na habari ya nyumbani kabla ya biashara. Chepngeno ana mimba. Alitaka kukuambia mwenyewe kwa mdomo, lakini ameshindwa kungoja na amesimama hapa nyuma yangu kuhakikisha nimeandika. Daktari anasema ni mwezi wa tatu mwakani ndipo tutampata mtoto.

Mlango mwingine nimeupata. Kuna kampuni nyingine ya ng'ambo inayokubali wauzaji wa Kenya. Inakata zaidi kidogo, na walinisumbua kweli: walitaka cheti cha kikundi, barua ya benki, na siku moja wakapiga simu dukani kuuliza kama tupo. Ketan ndiye aliyepokea. Akawaambia, "Wapo, na mazulia yao ni mazuri kuliko simu yenu, maana hii simu inakwaruza." Wakatukubali.

Vitufe viko hewani. Niliviweka chini ya picha zote nikaenda kulala. Kesho yake zulia la kahawia na njano lilikuwa limenunuliwa.

Limenunuliwa mara tatu.

Kosa ni langu. Kitufe hakikujua kwamba zulia lile ni moja tu duniani. Nilikitengeneza kama cha duka la sabuni, ambapo ukiuza kipande kimoja kuna kingine nyuma yake. Yule mama wa Denmark amelipa, mzee mmoja wa Kanada amelipa, na mwalimu wa Scotland amelipa. Sasa nimerekebisha, zulia likinunuliwa kitufe chake kinajizima papo hapo. Nataka kuwarudishia wawili pesa zao leo na kuwaomba msamaha, lakini sikutaka kufanya hivyo bila wewe kujua.

Mkweo,
Wanyoike


Olenguruone, 18 Novemba 2007

Wanyoike,

Chepngeno ale mboga za kienyeji na asibebe ndoo. Habari hiyo imenipa furaha, nimeitangaza hadi sokoni.

Hilo jambo la watatu usilie nalo. Mtu akija kwangu akute zulia limeuzwa, simfukuzi. Namwambia, kaa, nitakufumia. Waandikie hao wawili ukweli ulivyo. Waambie la kwanza limekwenda kwa aliyetangulia, na kwamba tunaweza kuwafumia mengine, si pacha bali ndugu, tayari mwisho wa Januari. Asiyetaka arudishiwe siku hiyo hiyo bila maneno.

Wangare ameshaanza kusokota. Anasema kama watu wanagombania zulia wasilolishika, basi siku wakilishika watakosana na wake zao.

Umefanya vizuri kuniambia kabla ya kurudisha. Endelea hivyo.

Mama Chepngeno


Nakuru, 30 Januari 2008

Kwa Mama Mkwe,

Sijui kama barua hii itakufikia. Lori la maziwa halijaonekana tangu ghasia za uchaguzi zianze, na simu yako haipatikani. Nampa dereva wa lori la chakula cha msaada, anasema akifika huko ataiacha kanisani. Naomba ikukute ukiwa hai.

Sisi tu hai. Juma lililopita kundi moja lilikuja mtaani kwetu likinitafuta mimi kwa sababu ni Mkikuyu. Lilipoondoka likaja la upande wa pili likimtafuta Chepngeno kwa sababu si Mkikuyu. Nyumba moja, makundi mawili. Tulitoka na nguo tulizovaa. Ketan alitufungulia stoo iliyo nyuma ya duka, akaweka godoro katikati ya maboksi ya karatasi, akasema, "Kaeni. Atakayeuliza nitamwambia ni mali ya duka." Yeye mwenyewe ameteremsha milango ya chuma na hafungui. Chepngeno ana hofu lakini mtoto anacheza tumboni.

Nimeondoa vitufe vyote, Mama. Sikuona haki ya kupokea pesa ya mtu kwa zulia ambalo sijui kama kuna mkono wa kulifuma. Wa Kanada, aliyetangulia kulipa, ndiye aliyepata lile la kwanza. Wale wawili walioahidiwa mwisho wa Januari nimewaandikia kwamba narudisha pesa zao. Mwalimu wa Scotland hajajibu. Yule mama wa Denmark amejibu maneno machache tu: usirudishe, nitangoja.

Kabla sijamjibu nataka kusikia kutoka kwako. Nijibu hata kwa mstari mmoja.

Mkweo,
Wanyoike


Olenguruone, 9 Machi 2008

Wanyoike, mwanangu,

Mimi ni mzima. Barua yako ilikaa kanisani muda mrefu kabla mtu hajanipa, na barabara ilikuwa na magogo, ndiyo maana umenyamaziwa. Leo lori la maziwa limerudi, nami nina mengi ya kulipakia. Kwanza nikusimulie.

Siku ile nyumba za Wakikuyu zilipoanza kuchomwa huku, Wangare alikuwa bandani kwangu, anasokota uzi wa mazulia yale mawili. Tuliona moshi ng'ambo ya michongoma. Ilikuwa nyumba yake. Alisimama, akaangalia, akaketi tena, akaendelea kusokota mpaka uzi ukakatika.

Kisha shemeji yangu Kimaiyo akaja na wenzake, akasimama mlangoni. "Huyo mama atoke," akasema.

Nikamwambia, "Huyo mama ana uzi wake kwenye mtambo wangu wa kufumia. Ukimtoa, utanitoa na mimi, na huo mtambo, na utawaeleza watu kwa nini ulimburuta mke wa marehemu ndugu yako."

Akasema, "Rael, usitutie aibu."

"Aibu mmeshaleta nyinyi," nikamjibu. "Mimi ninafuma."

Halafu aliwaambia wenzake waende, nao wakaenda. Sijui kama ni mimi aliyenionea haya au ni marehemu ndugu yake. Wangare alilala kwangu siku chache. Tulipoona haiwezekani tena, nilimpeleka kituo cha polisi mimi mwenyewe. Tulipita katikati ya soko mchana kweupe, nimemshika mkono. Nilitaka kila mtu aone. Watu wengi walitazama chini. Niliogopa, lakini hilo nakuambia wewe tu.

Polisi walimbeba yeye na wengine waliokimbilia hapo hadi Nakuru. Naambiwa yuko kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho. Uende ukamtafute. Usitume mtu.

Mazulia mawili nimeyamaliza, ni haya ndani ya gunia la bluu. Uzi wote ni wake. La Denmark lipelekwe Denmark. Hilo lingine, kama mwalimu amechukua pesa yake, liwekee picha na uliuze. Magunia mengine matatu ni sufu iliyooshwa, na ndani nimemwekea pia yake ya kusokotea uzi. Mpe vyote. Mwambie sitaki kusikia kwamba amekaa hemani bila kazi wakati mimi hapa naishiwa uzi. Akimaliza, dereva ataniletea, nami nitafuma.

Wengine kikundini wanataka jina lake litolewe kwa akaunti. Wanasema kwa sasa ni hatari. Niliwasikiliza mpaka wakamaliza, halafu nikawaambia asiyetaka sahihi ya Wangare arudi kwa broka. Wawili wameondoka. Wengine wamebaki, na jana mmoja wao alikuja kuniuliza, kwa sauti ya chini, Wangare anahitaji nini.

Mwambie Chepngeno nitafika kabla hajajifungua, barabara ikikubali au isipokubali. Mtoto atapewa majina ya kwenu na ya kwetu, yote mawili, na mtu asiniletee mjadala. Safari hii nitacheza, hata kama ni ndani ya stoo ya Ketan. Asali yake iko kwenye debe lenye mfuniko mweupe.

Sasa rudisha vitufe. Usingoje mambo yatulie, maana hatujui yatatulia lini, na akina mama hawa wanakula kwa kazi hii. Weka kimoja chini ya kila zulia kama mwanzo, na juu ya kila kitufe uandike hivi: zulia hili limefumwa Olenguruone, uzi wake umesokotwa Nakuru.

Usieleze zaidi ya hapo.

Mama yako,
Rael Jepkoech