Nilijua Skrini ni Mbovu, Nikanyamaza kwa Ajili ya Banitsa

Shangazi Velika mpendwa, nishike mkono kabla Alhamisi haijafika, maana siku hiyo kuna mwanamke anakwenda kupasuliwa jicho ambalo halijamkosea mtu, na anayejua hivyo katika mji huu mzima ni mimi peke yangu, nami nimekaa kimya kama samaki.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Ruse, nina miaka arobaini na saba, mke aliondoka zamani na sikumlaumu, naishi na mama ambaye supu yake hata paka wa ngazini anaigeuzia mgongo, na mwezi wa tatu niliitwa kwenye duka la Mzee Radko, lile linalochapa matangazo ya misiba, kwa sababu skrini ya Miglena ilikuwa inatoa michirizi, na Miglena ndiye anayepanga maneno na kusafisha picha za marehemu, mjane, mpole, ana kicheko cha kujifunika mdomo, basi akanionyesha tangazo la kanali mmoja mstaafu, herufi kubwa nyeusi kushoto, picha kulia, na kutoka kwenye zile herufi kulikuwa na mchirizi wa kijivu uliovuka ukurasa ukampitia kanali chini ya pua, kama mtoto aliyejifuta masizi kwa mkono.

Shangazi, ugonjwa ule niliujua kabla sijavua koti. Nilishusha tangazo chini, mchirizi ukashuka nalo, nikalipandisha, ukapanda, nikaiambia kompyuta inase picha ya kile inachokionyesha, nikaifungua kwenye simu yangu, kanali safi kama siku ya harusi yake, nikabadilisha waya, mchirizi upo, nikaunganisha kompyuta yangu mwenyewe badala ya yake, upo vilevile, na hapo hakuna mjadala, kioo cha skrini kimechoka, weusi wa mahali pamoja unavujia majirani zake wa mstari uleule, dawa yake ni kuweka skrini nyingine tu, nikafungua mdomo niseme hivyo, naye akanifunulia banitsa, matabaka membamba ya unga yenye jibini ndani, iliyokuwa imefungwa kwenye taulo, bado ya moto, jibini inachuruzika, akasema, "Kula kwanza, fundi, mashine haina miguu," na mdomo uliofunguliwa kwa ajili ya ukweli ukapokea banitsa.

Nikasema ni waya, nitaleta mwingine wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikasema ni soketi. Ya tatu nikasema ni unyevu wa mto Danube, ya nne nikamsingizia jirani mwenye mashine ya kuchomelea vyuma, na kila wiki kulikuwa na banitsa, mara ya spinachi, mara ya maboga, na tulikuwa tunacheka, Shangazi, mimi sikuwa nimecheka na mtu tangu lini sijui, nikajiambia michirizi haiui, na hawa wateja wake wamekwisha kufa.

Sikujua kwamba Miglena, aliposikia kwangu kwamba skrini haina kosa, alidhani ule mchirizi umo ndani ya picha! Akawa anauchukulia brashi ya kwenye kompyuta anaung'arisha, mpaka kwenye skrini yake uso unaonekana sawa, kumbe kwenye karatasi unatoka mstari mweupe. Kanali akabandikwa mjini na nusu ya sharubu. Watu wakadhani ni mzaha wa askari wenzake. Lakini ilipofika arobaini ya Bibi Stamatka, mwanawe Dechko, dereva wa lori, mtu wa mabega mapana, akabandika matangazo arobaini kutoka sokoni mpaka stesheni kabla hajatazama vizuri, kisha akatazama, akaingia dukani na karatasi mkononi, mimi nimekaa pale pale natafuna.

"Mama yangu alikuwa mtu msafi miaka themanini na mbili!" akanguruma. "Nani kampaka mtindi mdomoni?"

Na kweli, Shangazi, Mungu anisamehe, alionekana kama aliyefumaniwa na bakuli.

Miglena akaitazama ile karatasi, akatazama skrini, akasema kwa sauti ndogo, "Kwangu huku yuko sawa, kaka." Mzee Radko akanigeukia mbele ya wote, "Fundi, wewe umekuja hapa wiki tano. Skrini nzima au mbovu?" Na mimi, kwa sababu ningesema mbovu angeniuliza tangu lini, nikasema, "Nzima, mzee."

Miglena akavua miwani, akaipangusa, akaitia kwenye mkoba wake. Akasema, "Basi ni macho yangu." Daktari alikuwa amemwambia mwaka jana ana mtoto wa jicho, mdogo tu, anaweza kungoja, lakini sasa amekwenda kulazimisha atolewe, na amemwambia Mzee Radko atafute mtu mwingine, na anaogopa kisu, najua, kwa kuwa aliniambia mimi, akanishika mkono akasema afadhali wewe, Krasen, hunifichi kitu.

Nikisema nitampoteza, nisiposema atapasuliwa. Nifanyeje?

Krasen, fundi mwenye aibu, Ruse


SHANGAZI VELIKA ANAJIBU

Wewe Krasen, nimesoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza nikacheka mpaka nikamwaga kahawa, mara ya pili nikatafuta kiatu cha kukurushia. Majina ya wote nimeyabadilisha, si kwamba itasaidia kitu; mji huu una kanali mmoja tu mwenye nusu sharubu.

Barua yako ilifika Jumatatu, gazeti hutoka Ijumaa, na jicho la mtu lilikuwa linakatwa Alhamisi. Kwa hiyo wasomaji wangu mtanisamehe, safari hii sikungoja wino. Uliandika namba ya simu chini, nikakupigia. Unakumbuka tulivyosema, lakini wacha na wengine wasikie.

"Uko wapi?" nikakuuliza.

"Nyumbani, Shangazi. Nafikiria."

"Umefikiria wiki tano na umenenepa. Vaa viatu."

"Nimwambieje?"

"Usimwambie. Mwonyeshe. Maneno yako kwa sasa hayana bei hata sokoni."

Kupenda si kosa, mwanangu. Upweke naujua, nimezika waume wawili, na wa pili nilimpenda. Hata uongo wa waya, ule wa kwanza, ningekusamehe, maana banitsa ya moto imeshawaangusha watu wenye akili kukuzidi. Kosa lako ni lile neno moja, "nzima". Macho ya mtu yalitiliwa shaka mbele yako, wewe mwenye jibu mfukoni, ukamwacha avue miwani. Ulichunga mahali pako mezani, ukamwachia yeye kisu. Halafu unaniambia unaogopa kumpoteza! Ulikuwa naye lini? Aliyekuwa naye ni fundi fulani mkweli ambaye hajazaliwa.

Nilikutuma hivi, na yeyote mwenye skrini yenye michirizi asikilize pia. Nenda dukani saa ya kazi, Mzee Radko awepo, na Dechko umwite mwenyewe. Fungua tangazo la Bibi Stamatka lile la kwanza, kabla halijaguswa na brashi. Mwache Miglena, kwa mkono wake, alishushe na alipandishe, auone mchirizi unavyofuata herufi. Mwache anase picha kwa kompyuta, mpe simu aitazame. Picha ikiwa chafu kwenye skrini na safi kwenye simu, mgonjwa ni skrini. Kama ni macho, mbona hayaoni mchirizi kwenye simu, wala dirishani, wala kwenye uso wako huo? Kisha sema, "Nilijua tangu siku ya kwanza." Ukishasema hayo, funga mdomo. Usimchanganyie kuungama na kutongoza kwenye sahani moja. Na maua usipeleke. Kwa hali uliyonayo utakosea hesabu, utampelekea idadi shufwa, ambayo kwetu ni ya jeneza.

Alikwenda, wasomaji wangu. Kwa hilo nampa sifa. Alinipigia jioni ile, akanisimulia yote.

Miglena alishusha tangazo, akalipandisha, akalishusha tena. Akatazama simu muda mrefu, kidole juu ya uso wa yule bibi. Dechko alikuwa wa kwanza kusema: "Huyo ndiye mama." Mzee Radko, ambaye skrini ile aliiokota kwenye ofisi iliyofungwa akajiona mjanja, akaanza kukohoa. Ndipo Krasen akasema alichotakiwa kusema.

Miglena hakupiga kelele. "Wiki tano," akasema, "umekula chakula changu ukinitazama nikipofuka."

"Ndiyo," akajibu fundi wetu.

"Na waya?"

"Ulikuwa mzima."

"Na yule jirani wa kuchomelea? Nilimtukana yule mtu, Krasen! Nilimtukana mpaka mama yake!"

Akachukua miwani yake kwenye mkoba, akaivaa, akamfungulia mlango atoke. Kesho yake akamfuata daktari, akapimwa vizuri, wakakubaliana mtoto wa jicho angoje zamu yake. Kazini amerudi. Skrini mpya imefungwa na fundi mwingine, binti kutoka Razgrad, ambaye nasikia hali chochote kazini.

Sasa ninyi wengine. Mzee Radko, karatasi ilitoka kwenye mashine yako na hukuitazama. Kanali angebaki na sharubu zake kama ungekuwa umevaa miwani. Miglena, mama, wewe nakugombeza kwa upole: mashine ilipobishana na macho yako, mbona uliamua upesi hivyo kwamba mwongo ni wewe? Siku nyingine mwite shahidi wa pili kabla hujamwita daktari wa kupasua.

Na wewe Krasen, ushauri wangu wa mwisho ni kazi ya mikono. Matangazo arobaini ya mtindi yalikuwa bado yamebandikwa mjini. Nilikuambia uyabandue yote na ubandike mapya, kwa ndoo yako na ngazi yako. Dechko akasema atakuja kushika ngazi, ili uone jinsi anavyoishika.

Jana Miglena aliniletea ujumbe wake hapa gazetini, kwa mkono, akaniambia niuchapishe kama ulivyo: "Mwambieni sijamsamehe. Lakini nimemwona kutoka dirishani akikwangua kwa kucha, mvua inanyesha, na hakuingia kuomba chai."

Usimjibu, Krasen. Usipite dukani, usitume mtu, usipike kitu. Leo asubuhi nilikuwa nakwenda stesheni kumpokea dada yangu, na umeruka nguzo mbili. Bibi Stamatka bado yuko pale na mtindi wake. Chukua ngazi.