Nimeimwaga Bia ya Gwenda kwa Mdomo

Emrys, nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Unajua kwenye mashindano ya bia sisi majaji hupewa glasi zisizo na majina. Bia ya asali ya kwanza ilikuwa kavu, haina utamu hata chembe. Nikapayuka, "Asali iko wapi? Hawa ni mabepari walewale waliofunga kiwanda chetu cha bia!" Watu wakacheka. Ya pili tamu, nikaipa ushindi.

Ya kwanza ni ya Gwenda. Gwenda wetu wa kiwandani! Asali ya mwisho ya nyuki wa marehemu mumewe. Asali halisi huwa kavu hivyo, hamira ikishakula utamu wote. Na mimi ndiye huwafundisha watu hilo!

Ya pili ndiyo ya mabepari. Sharubati ya sukari tupu, asali haimo.

Gwenda hakulia. "Kaka, umesema ulichoonja," basi.

Nimekufa ganzi, Emrys. Na sasa naitwa jukwaani niwakabidhi mabepari kombe.