Jennifer Hana Kichwa

Ijumaa, 2 Mei

Wema kapanda mbegu shuleni leo. Kikopo kidogo kama cha mtindi, na taa juu yake inawaka mchana na usiku. Mwalimu wao, Miss Madatali, kasema mimea hii ina haraka kuliko yote: inaota, inachanua, inazaa mbegu, shule hazijafungwa bado! Watoto wayaone maisha yote kwa macho yao. Mimi biolojia yangu ya kidato cha nne ilikuwa mchoro ubaoni. Ua lenye mishale. Nikanakili mishale, nikapata D.

Kila mtoto kaupa mche wake jina. Wa Wema ni Jennifer. Kwa nini Jennifer? Just because, Mommy. Haujaota hata kidogo, una jina la karani wa benki.

Jumatatu, 5 Mei

Jennifer kaota!!!

Wema kaingia na viatu mpaka sebuleni kunipa habari. Nilikuwa nimelala kwenye sofa, Japhet kifuani, udenda wake shingoni kwangu. Majani mawili, Mommy, kama mioyo! Kahadithia mpaka wali ukaiva. Huyu ndiye mtoto ambaye ripoti ya Februari ilisema ni mzuri sana lakini haongei darasani. Mume wangu Thobias kauliza nani huyo Jennifer anayezungumzwa kuliko baba mwenye nyumba.

Jumatano, 14 Mei

Kuku au pasta. Kuku au pasta. Nimepanga trei za chakula cha abiria wa ndege mpaka vidole havikunjiki, halafu basi la kurudi Malton likachelewa. Japhet anaota jino. Mimi ni maiti inayotembea.

Ila—Jennifer kampita Simba! Simba ni mche wa Clinton, mtoto wa Kemunto, Mkenya wa ghorofa ya juu yetu. Wako darasa moja. Clinton anajisikia sana, kwa hiyo leo ni sikukuu nyumbani kwetu.

Wema kanieleza kazi inayofuata. Watabandika nyuki waliokauka kwenye vijiti, halafu kila mtoto atakuwa nyuki: anagusa vumbi la njano kwenye ua la mwenzake, analipeleka kwenye la kwake. Mmea huu vumbi lake mwenyewe haulitaki, lazima litoke kwa jirani. Mwezi wa sita wazazi tutaitwa, kila mtoto asimame na mbegu alizozalisha mwenyewe, aeleze.

Nikauliza polepole, na wewe utasimama? Kasema atasimama. Bila hata kufikiri! Nimeenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, natabasamu kama chizi.

Ijumaa, 16 Mei

Jumatatu ni sikukuu, shule imefungwa, mimea imepelekwa majumbani. Jennifer kaja ndani ya mfuko wa sokoni, Wema kaukumbatia tangu shuleni kama yai.

Nimemwona kwa mara ya kwanza. Nikapiga kelele—mbona hii ni chainizi! Chainizi kabisa, ile mboga ya majani ya kwetu, ila imekonda. Nimevuka bahari nije kuletewa chainizi na mwalimu wa sayansi. Nimecheka mpaka Japhet kacheka.

Tumemweka juu ya jiko, chini ya taa ya feni ya moshi. Taa isizimwe. Thobias kaambiwa mara mbili, na samaki hakaangwi mpaka Jumanne.

Jumamosi, 17 Mei

Ee Mungu wangu, mkono huu.

Asubuhi, Wema bado kalala. Nachemsha chai, namwangalia Jennifer. Kapandisha kichwa cha maua, vifungo vidogo vya kijani, kimoja kinaanza njano. Na mimi nimelala saa ngapi sijui. Mkono ukaenda wenyewe. Kwetu Morogoro chainizi ikitaka kuchanua unaivunja kichwa, majani yaendelee. Mama alinifundisha nikiwa mdogo kuliko Wema, tuta zima, pa, pa, pa. Basi nikamvunja Jennifer. Pa! Nikammwagia na maji. Nikajisikia mama mwema kweli.

Wema kaamka, kasogea jikoni, kasimama. Where's her head?

Nikajibu kwa furaha kabisa kwamba nimemsaidia. Nilipouona uso wake ndipo nikakumbuka nyuki. Mbegu. Mwezi wa sita. Kichwa chenyewe kilikuwa kwenye pipa la taka, kimelala juu ya majani ya chai.

Kalia bila sauti. Afadhali angepiga kelele. Nikapiga magoti nikamwambia nimekosa mimi, si Jennifer, si wewe. Kaenda chumbani. Kasema hatasimama tena mwezi wa sita, atasimamia nini?

Mchana nimemwambia Kemunto kwenye korido. Kemunto kajishika ukutani. “Woi, Mama Wema! Umekata homework ya mtoto!” Halafu: “Na si ungemaliza tu, uweke kitunguu na nyanya! Watanzania na nusu nusu!” Nimecheka mpaka mbavu zikauma, Mungu anisamehe, kisha nikapangusa uso kabla sijafungua mlango.

Jumanne, 20 Mei

Nimekwenda shule mwenyewe, Japhet mgongoni na Jennifer mkononi. Kiingereza changu kilikimbia chote. Nikasema I cut, nikaonyesha kwa vidole: pa.

Miss Madatali kaangalia kile kisiki. Kaangalia vidole vyangu. Halafu kasema—kwa Kiswahili!—“Bibi yangu alikuwa anafanya hivyo hivyo.” Bibi yake alizaliwa Bukoba! Yeye mwenyewe ni wa hapa hapa ughaibuni, wa Unionville, Kiswahili chake ni cha jikoni kwa bibi. Tukashikana mikono tunacheka kama watu waliopotezana. Kawageukia watoto akawaambia kwamba mama Wema alidhani huu ni mchicha.

Na kutoka nyuma yangu, sauti.

“Si mchicha, Miss. Ni chainizi.”

Wema! Kwa Kiswahili! Darasa zima limegeuka. Mtoto ambaye hata mimi hunijibu kwa Kiingereza! Miss Madatali kasema samahani, chainizi. Kaandika ubaoni.

Halafu kamwambia Wema achague: mche mwingine wa akiba, au asubiri aone kama Jennifer atachipua ubavuni. Hakumwahidi kitu, maana maua ya wengine yanaweza kuisha kabla Jennifer hajachanua tena. Wema hakutaka mwingine. Hakutaka pia kumwacha darasani, Clinton kashaanza kuimba “Jennifer hana kichwa.” Tumerudi naye kwenye taa yetu.

Wengine leo walikuwa nyuki. Wema kapewa kijiti chake. Kwa hiyo sasa nina maiti ya nyuki kwenye kikombe cha miswaki.

Jumapili, 25 Mei

Vichipukizi! Kwapani kwa majani, viwili, kushoto na kulia! Kama mtu anayenyanyua mabega. Nimemvuta Thobias kitandani akiwa katoka zamu, aone. Kaona. Kasema hongera Jennifer, karudi kulala.

Kanisani sikusikia mahubiri.

Jumatano, 28 Mei

Vifungo. Sigusi. Nimeweka mikono mfukoni, nimepika kwa mbali.

Jumamosi, 31 Mei

Jennifer kachanua!! Ua moja. Majani manne ya njano, madogo kama ukucha wa Japhet. Wema kaliona kabla yangu na hakupiga kelele, kaninong'oneza tu, kama vile litashtuka.

Sasa vumbi. Umeme shuleni unatengenezwa, mimea yote iko majumbani tena, na Jumatatu Miss Madatali anaacha kuimwagilia maji, mbegu zikauke. Simba wa Clinton kashabeba maganda, lakini kabakiza ua, juu kabisa, moja. Kemunto kaniambia kwenye lifti. Kesho huenda halipo.

Wema kataka niende mimi. Clinton atamcheka. Kaning'ang'ania sketi, kalia kidogo. Nikataka kwenda, miguu ilishavaa ndala! Lakini nikakaa. Nikamwambia, kukata nilikata mimi na msamaha niliomba mimi. Ua utaomba wewe.

Kanichukia hivi, kwa macho. Kachukua kijiti chake. Kaenda.

Nimeacha mlango wazi niandike huku nasikiliza. Zamu yangu inaanza, Thobias hajafika. Nimesikia hodi juu. Nimesikia “Shikamoo” na Kemunto akilalamika kwamba amezeeshwa, njoo Clinton, kuna mtu wako. Halafu kimya. Nimeandika mstari huu nikiwa nimesimama.

Ngazi! Miguu ya watu wawili, polepole. Na sauti ya Wema inatoa amri kama mama mwenye nyumba: “Shika vizuri. Usimtikise, usimguse kichwa!” Na Clinton, mpole kabisa, okay, okay.

Anamleta Simba mzima!

Ua letu bado limeshika. La Simba sijui. Wanapiga mlango kwa miguu, mlango ulio wazi, mikono imejaa. Japhet kaamka, analia. Asubiri kidogo.