Sauti ya Rukia Kabla ya Marekebisho

Jumatano, Tottenham

Leo nimemwambia ukweli, na sijui kama nimetenda wema.

Rukia alikuja studio saa nne asubuhi kurekodi wimbo wa mwisho wa albamu. Miaka tisa namtengenezea nyimbo, na hii mitatu ya mwisho nimekuwa nikiinyoosha sauti yake kwa kompyuta bila kumwambia. Hafiki tena kwenye noti za juu. Watu wanampigia makofi, naye anaamini ni koo lake.

Leo alitaka kusikia alivyoimba kabla sijagusa chochote. Nilijaribu kumkwepa. Akasema, "Hafidh, bonyeza tu."

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipougua koo."

"Na wewe ukanyamaza."

"Niliogopa utaacha kuimba."

Sikumwambia kwamba nilijiogopea na mimi pia. Bila Rukia, hapa London mimi ni fundi mitambo tu. Hilo naliandika hapa.

Nilidhani atachukua koti lake aondoke. Badala yake akaniomba niushushe wimbo mpaka pale koo lake linapofika. Akaimba mara moja tu. Sauti ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, na kwenye ubeti wa pili nilisahau kuangalia mashine.

"Hii usiiguse," akasema, akatoka bila kuniaga.

Sijaigusa. Nimeisikiliza mara nne. Ni nzuri kuliko zote nilizomnyooshea, na miaka mitatu nilimzuia asiimbe hivi.