Fainali Asiyoikumbuka Mume Wangu

Voi, Jumapili, Agosti 1995

Upepo umevuma tangu alfajiri, na vumbi jekundu limeingia hadi ndani ya masufuria yaliyofunikwa. Nimefagia, nikafagia tena, nikaacha. Binti yetu Saru yuko kwa nyanya yake. Mume wangu amelala chumbani, na nimeuacha mlango wazi ili nimwone kutoka hapa mezani. Kanisani sikwenda.

Jana nilifanya mambo mawili. La kwanza nililifanya mbele ya uwanja mzima, na silionei aibu. La pili nililifanya humu ndani tukiwa wawili tu, na hilo ndilo linalonikosesha raha.

Jana ilikuwa fainali. Kombe lenyewe ni la klabu za daraja la pili za wilaya yetu, zile ambazo hazitajwi redioni, zinazojifulia jezi na kuchangishana mafuta ya pikap. Klabu kubwa haziruhusiwi kuingia. Ni kombe la mtoano: ukishindwa mara moja umerudi nyumbani, na hakuna wa kumlilia hadi mwaka ujao. Tausi, timu ya Mwadime mume wangu, ilikuwa ikitolewa kila mwaka, wakati mwingine katika raundi ya kwanza kabisa. Mwaka huu ikawatoa watu wa Taveta katika nusu fainali, na tangu siku hiyo nyumba hii haikuwa na habari nyingine.

Mwadime ni fundi wa magari. Ndiye nahodha, anacheza beki wa kati, na miguu yake imeanza kumwambia kwamba siku zake uwanjani zinakwisha. Yeye mwenyewe anajua. Wiki nzima alikuwa akirudi kutoka gereji na mikono yake ya grisi, anaruka pale mlangoni, anapiga kichwa mpira usiokuwepo, ndipo ananisalimu.

Mimi ni muuguzi katika kliniki moja hapa mjini. Kwa kuwa nahodha ni mume wangu, timu ilinifanya daktari wake bila kuniuliza. Kazi yangu ni barafu, bandeji na dawa ya kusugua, na wachezaji wote huniita Sista.

Tulicheza na vijana wa Kasigau katika uwanja wa Mwatate. Mechi iliwekwa asubuhi ili wageni wawahi kufika kwao kabla ndovu hawajashika barabara. Tausi wakapata bao mapema, wakalilinda. Kipindi cha pili Kasigau wakaja juu kweli kweli. Ikapigwa krosi, Mwadime akaruka, mshambuliaji wao naye akaruka, na vichwa vikakutana. Niliusikia mlio wake kutoka nilipokuwa nimeketi, kama kibuyu kilichogongwa jiweni.

Yule kijana wa Kasigau aliinuka ameshika sikio. Mwadime hakuinuka.

Nilipomfikia alikuwa ameshafumbua macho. Nikamuuliza tuko wapi, akasema Voi. Nikamuuliza tunacheza na nani, akanitajia timu ya Taveta. Kisha akasimama mwenyewe, akajipangusa vumbi, akaanza kutembea kwa haraka kuelekea lango la Kasigau kana kwamba ndilo letu la kulinda.

Kocha Athmani alikuwa amekwisha kuingia uwanjani. Ni mzee mwenye duka la vitambaa hapa Voi. Ameifundisha Tausi tangu kabla sijaolewa, na kombe hajapata kuligusa. Wachezaji wa akiba aliokuwa na ruhusa ya kuwatumia alikuwa amewamaliza. Mwadime akitoka, tunabaki kumi.

"Sista, mmwagie maji kichwani arudi," akaniambia. "Hebu mtazame, yuwatembea mwenyewe. Mzima huyo."

"Kocha, hajui yuko wapi."

"Hana haja ya kujua. Mpira ukija aupige kichwa, basi."

Hicho kichwa ndicho nilichokuwa nakihofia. Nikamshika mume wangu mkono, nikamtoa. Alijaribu kuuchomoa mara moja, kwa nguvu, halafu akalegea, akanifuata kama Saru anavyonifuata sokoni. Watu wakaangua kicheko. Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Mpeleke nyumbani, mama, ukampikie!" Wachezaji wetu hawakucheka. Hakuna hata mmoja aliyenitazama usoni.

Kasigau walisawazisha kwa kona, mpira wa juu, pale pale ambapo Mwadime angekuwa amesimama. Zikaja penalti. Sikuziona. Nilikuwa nimemlaza kivulini nyuma ya pikap, namuuliza jina la binti yetu. Tuliposhindwa nilijua kwa upande zilikotoka kelele.

Daktari hapa Voi alimpima, akasema maadamu mimi ni muuguzi naweza kukaa naye nyumbani. Nisimwache peke yake. Nimwamshe kila mara. Akitapika, nimrudishe bila kungoja. Tukafika nyumbani jua likiwa bado kali, nikamlaza, nikamwekea kitambaa cha maji baridi.

"Mama Saru," akasema, "mechi iliishaje?"

Nikamwambia. Alifumba macho, na machozi yakapita pembeni mwa masikio yake hadi kwenye mto. Nikamshika bega. Akanyamaza, akatazama dirisha, na baada ya muda mfupi akanigeukia na uso mkavu, mwepesi, kama mtu aliyeamka sasa hivi.

"Mama Saru, mechi iliishaje?"

Wagonjwa wa namna hiyo nimewaona kliniki. Najua kichwa kikigongwa vibaya kinaweza kukataa kushika jambo jipya kwa saa nyingi. Lakini sikuwa nimewahi kuliona hilo katika uso ninaoupenda. Nilimwambia tena. Nikamwambia tena na tena. Kila mara ilikuwa ni mara ya kwanza kwake, na kila mara alishindwa upya. Safari moja alijipiga paja kwa ngumi. Safari nyingine aliuliza yeye alikuwa wapi walipofunga, ikabidi nimwambie kwamba mimi ndiye niliyemtoa, akanitazama kama mtu asiyenijua. Kisha hilo nalo likamtoka. Nilihukumiwa, nikasamehewa, nikahukumiwa tena, na mwenyewe hana habari.

Jua lilipoanza kushuka akauliza tena.

"Mlishinda," nikasema.

Sikuwa nimepanga. Neno lilitoka tu.

Mwadime aliinuka akaketi. Uso wake ukafunguka hadi nikamwona jinsi alivyokuwa wakati ananichumbia. "Kweli? Nani alifunga?" Nikamwambia ni yeye, kwa kichwa, dakika za mwisho. Nikamtungia kona, nikamtungia mpigaji, nikamtungia hata Kocha Athmani akilia mbele za watu. Alicheka mpaka akashika kichwa kwa maumivu. Akalala na tabasamu. Kila nilipomwamsha alinitajia jina langu, jina la Saru, siku ya juma. Habari za mechi hakuuliza tena. Nilidhani zimempotea kama zile nyingine, nikamshukuru Mungu.

Leo asubuhi Kocha Athmani akapiga hodi. Mwadime alikuwa ameketi kitini anakunywa uji, macho yake ni ya mtu mzima kabisa. Kocha akamjulia hali, akaketi, akawa anatafuta la kusema. Aliyeanza ni Mwadime.

"Kocha, kombe mmeliweka wapi? Dukani kwako?"

Katika mambo yote niliyomwambia, kichwa chake kilipopona kilikuwa kimechagua kushika moja, na hilo moja ni la uongo.

Kocha alinitazama. Tangu pale uwanjani hakuwa amenitazama. Akanielewa, nadhani. Si yote, lakini kiasi cha kutosha. Alikuwa na kila sababu ya kuniumbua mbele ya mume wangu. Akavua kofia yake, akaiweka gotini.

"Kombe liko Kasigau, mwanangu," akasema taratibu. "Walitushinda kwa penalti."

Mwadime akacheka, akidhani ni mzaha wa mzee. Kisha akanigeukia ili nicheke naye, na sikuweza.

Akaomba asimuliwe mechi yote, tangu filimbi ya kwanza. Kocha akamsimulia bila kuficha kitu, hata yale maneno aliyoniambia mimi uwanjani. "Mimi nilitaka urudi," akasema. "Nawe Sista uniwie radhi, lakini kombe lile tungelibeba. Hilo nitalisema mpaka naingia kaburini." Akamtazama Mwadime kwa muda. "Lakini nimefurahi kukukuta wanywa uji wako."

Aliondoka bila kumaliza chai. Mlangoni aliniaga kwa mikono miwili.

Tukabaki sisi.

Sikutaka kungoja aniulize. Nilikuwa nimesimama na kikombe cha Kocha mkononi, nikamwambia mwenyewe. Kwamba nilimdanganya. Kwamba nilishindwa kumwona akilia upya kila baada ya dakika chache.

Nilisikia upepo ukivuta mabati.

"Kunitoa, sawa," akasema mwishowe. "Mambo ya kichwa wewe ndiye unayejua. Lakini hili lingine, Wakesho. Kesho ningeingia gereji natamba. Wangenichekea, na mimi nisijue wanacheka nini."

Hakuwa ameniita kwa jina langu tangu Saru azaliwe.

"Ulikuwa unasahau," nikasema.

"Basi ungeniambia tena."

Tangu aliposema hivyo nimekuwa nikifikiri. Mambo hayo mawili yanafanana: mara zote mbili nilimwamulia bila kumuuliza. Mbona moja nalisimamia na jingine linanichoma? Pale uwanjani nilijua atanichukia, na timu itanichukia, nikamtoa hivyo hivyo. Hapa nyumbani nilisema ni kwa ajili yake. Si kweli. Aliyekuwa amechoka ni mimi. Ni mimi niliyetaka kupumzika kutokana na uso ule. Nimewahi kumwona muuguzi akimdunga mgonjwa sindano ya usingizi ili wodi inyamaze, nikamdharau.

Jana nilifanya nini tofauti na yeye?

Na kulikuwa na jambo jingine bado. Daktari aliniita kando jana, Mwadime akiwa anavaa shati. Alisema kichwa hicho si mara ya kwanza kuumia, na kovu la zamani alikuwa ameliona. Alisema mtu huyu asicheze tena, si mwezi ujao, si mwaka ujao. Asirudi kabisa. Alisema nimwambie akipata nafuu. Mimi nilikuwa nimeshapanga kungoja. Apone kwanza. Apate nguvu. Pengine hadi msimu mpya ukaribie, na pengine kufikia wakati huo ataacha mwenyewe kwa hiari yake, na mimi nisiwe nimesema lolote.

Mchana, baada ya kula, niliketi ukingoni mwa kitanda. Nikamuuliza leo ni siku gani. Akasema Jumapili. Nikamuuliza nani alishinda fainali.

"Kasigau," akasema bila kusita. "Kwa penalti."

Basi nikamwambia. Maneno ya daktari kama yalivyokuwa, sikuyapunguza, sikuyatia sukari. Alinisikiliza huku akiitazama mikono yake, ile grisi isiyotoka kwenye kucha hata afanye nini. Nilipomaliza aligeuka akatazama dirisha.

Nilingoja. Nilikuwa nimejiandaa safari hii. Nilikuwa tayari kumwambia tena, na tena, jioni nzima kama ingebidi, na kila mara kwa maneno yale yale.

Hakuuliza tena.